Gesi ya mtungi husambaa, ya angani hujikusanyaje ikawa nyota?

#1 MjaMkomani
Salaam wadau. Juzi stima ilipotea tangu magharibi, ndani hakukaliki kwa joto, nikapanda darini na mpwa wangu wa kidato cha pili. Mwezi haujaandama, kaskazi yapuliza, na nyota zilivyojaa ungedhani mtu kamwaga mchele. Twatazama Kilimia, kijana akaniuliza: "Mjomba, mwalimu katwambia nyota ni gesi iliyojikusanya. Mbona mtungi ukivuja jikoni gesi hujaa nyumba nzima? Haijikunji pembeni ikawa mpira. Hiyo ya juu imefunzwa adabu na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kesho kuna chuo, alale.

Jana nikakuta video ya jamaa asema habari ya gesi ni porojo, nyota zawashwa na mikondo ya umeme inayopita angani, na sayari zilitemwa na sayari nyingine. Anasema kwa yakini utafikiri alikuwepo. Wenye elimu naomba mnifae, kijana atauliza tena.

#2 PwezaMkavu
Nimetandika mkeka. Leteni na kahawa.

#3 FundiMawimbi
Mimi ni fundi wa redio na runinga hapa Malindi, mwaka wa ishirini na kitu. Huyo jamaa wa video msimcheke mbio. Sugua kichana kwenye nywele kisha kisogeze kwenye vipande vya karatasi: vitaruka juu. Fikirini hapo. Dunia nzima yavivuta chini, kichana cha shilingi ishirini kimeishinda. Umeme una nguvu kuliko mvutano mara nyingi mno zisizohesabika.

Na si maneno ya mitaani. Kuna Mswidi, Hannes Alfvén, aliyepewa Nobeli ya fizikia mwaka 1970 kwa kazi ya plazima, yaani gesi iliyojaa umeme. Alipigana maisha yake yote kusema wanajimu wamesahau sumaku na mikondo, kila kitu wao ni mvutano tu. Jua ni plazima. Radi ni plazima. Kwa nini nyota izaliwe bila umeme kuhusika?

#4 MwalimuChaki
Mleta uzi, mwambie mpwa wako swali lake ndilo James Jeans, mwanafizikia wa Uingereza, alilolipigia hesabu mwaka 1902. Gesi ina vita viwili ndani yake. Joto huisukuma itawanyike, uzito wake wenyewe huivuta ijikusanye. Kwenye mtungi wa kilo 13 uzito huo ni bure kabisa, joto linashinda asubuhi na mapema. Lakini chukua wingu lenye uzito wa majua elfu kadhaa, tena lenye baridi ya digrii 263 chini ya sifuri. Hapo joto halina mkono wa kusukuma. Jeans alionyesha kuwa kuna kiwango: wingu likikivuka, linajiangukia lenyewe.

Usidhani ni zito kama moshi wa jikoni. Ni jembamba kuliko utupu wowote tunaoweza kuutengeneza kwa mashine hapa duniani. Ukubwa ndio unaofanya kazi.

Likianguka linazunguka, na likizunguka linalala bapa kama sahani. Katikati nyota, pembeni sayari. Wazo hili mtu wa kwanza kulitoa ni Laplace wa Ufaransa, 1796.

#5 TasiWaKizingitini
Digrii 263 chini ya sifuri? Friji yangu ya samaki tangu juzi iko thelathini JUU ya sifuri. Tasi wangu walikaribia kuwa nyota.

#6 DadaShela
Mwalimu #4, shukrani, ila Laplace hakuwa wa kwanza. Kant, yule mwanafalsafa wa Königsberg, aliandika hivyo 1755, na Swedenborg alikuwa na wazo linalofanana 1734. Laplace alilipa umaarufu.

Na kuna jambo umelipita haraka. Jua lina asilimia 99.8 ya uzito wa mfumo wetu wote, ila linazunguka polepole, zamu moja kwa takriban siku 25. Kama wingu lilijikunja, katikati palipaswa kuzunguka kasi ajabu, kama mtoto anayejizungusha kisha akakunja mikono. Badala yake sehemu kubwa sana ya mzunguko wameshika Mushtari na Zohali huko nje. Jambo hili liliwakera watu mpaka nadharia ya Laplace ikawekwa kabatini.

Ndipo Chamberlin na Moulton wa Marekani (1905) wakasema nyota ilipita karibu na jua ikalichokoza, na Jeans huyohuyo wa #4 akaja 1917 na yake: nyota iliyopita ililivuta jua ulimi mrefu wa gesi, ulimi ukakatika vipande, vipande ndio sayari. Walimu wa babu zetu walifunza hiyo.

#7 PwezaMkavu
Yaani jua lilikuwa limetulia nyumbani, mgeni akapita njia, kuamka asubuhi lina watoto wanane. Hii kesi Kadhi aijua.

#8 DadaShela
😂 Iliangukia mahakamani kweli. Lyman Spitzer alipiga hesabu 1939: gesi inayong'olewa ndani ya jua ina joto kali mno, ingetawanyika kabla haijawa sayari. Yaani hoja ya mpwa wa Mkomani, mtungi uliovuja.

#9 UstadhMdogo
Assalamu alaykum. Nashangaa twazunguka Königsberg na Marekani ilhali Surat Fussilat, aya ya 11, yataja mbingu ilipokuwa moshi. Gesi hiyo hiyo. Limesemwa karne ya saba.

#10 MjaMkomani
Waalaykum salaam Ustadh. Nilijua utakuja.

#11 BintiFalaki
Ustadh kwa heshima zote. Aya twaiamini bila nadharia. Kama mwaka 1920 tungeifunga kwenye ulimi wa gesi wa Jeans, mwaka 1939 tungefanyaje? Marehemu babu yangu alikuwa akipiga falaki, anajua nyota za safari na nyota za kupandia, na kila alipoulizwa zimetoka wapi alisema "muulize aliyeziwasha." Hakuwa mjinga, alijua mpaka wa kazi yake.

#12 UstadhMdogo
Nimekusikia binti. Sikusema tuifunge. Nimesema moshi ni moshi.

#13 NahodhaMstaafu
Wanangu, hamjambo. Mimi mato hayaoni vyema yeo, mjukuu ndiye aandika. Kilimia twakijua kabla ya vitabu hivyo. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimekitazama baharini miaka arubaini, kutoka Kismayu hata Pemba. Swali langu: zile nyota mbona ziko pamoja kama kuku na vifaranga, na nyingine ziko moja moja? Ni za tumbo moja?

#14 MwalimuChaki
Shikamoo Nahodha. Ndiyo, za tumbo moja. Kwa macho twaona sita au saba, kwa darubini ni zaidi ya elfu, na zote umri wao ni takriban miaka milioni 100. Zilitoka kwenye wingu moja. Jua letu pia inaaminiwa lilizaliwa na ndugu zake, wakatawanyika, lina miaka bilioni 4.6.

(Dada #6, nimekubali kuhusu Kant. Chaki nimeipangusa.)

#15 Mtafuta_Lulu
Hapo kwa nyota za tumbo moja kuna mtu amesahauliwa. Viktor Ambartsumian wa Armenia. Mwaka 1947 alionyesha kuwa kuna makundi ya nyota yaliyolegea kiasi kwamba hayawezi kudumu, basi lazima ni machanga, basi nyota zinazaliwa mpaka leo. Wengi kabla yake walidhani zote ni za zamani sana.

Lakini maelezo yake yalikuwa KINYUME na ya mwalimu. Aliona makundi yale yanatawanyika, akasema nyota hazitoki kwenye gesi inayokusanyika, zinatoka kwenye kitu kizito mno kilichopasuka, na gesi ni mabaki ya uzazi. Hata galaksi, yaani ile mikusanyiko mikubwa ya mabilioni ya nyota, akasema zinatokana na vitovu vinavyorusha vitu nje. Yaani si mchele kumwagika chunguni, ni bisi kuruka kutoka sufuriani.

#16 MjaMkomani
Subiri. Kwa hiyo gesi ni mama au ni kondo la nyuma?

#17 Mtafuta_Lulu
Umeliweka vizuri kuniliko. Wengi leo watakwambia ni mama. Kile kitu kizito hakijawahi kuonekana popote. Lakini vitovu vya galaksi kurusha vitu nje, hapo aliwatangulia wenzake. Mimi siwezi kumtupa baharini mzima mzima.

#18 KijanaWaNgomeni
Nyinyi watu wa Malindi na Lamu mwazungumza nyota na hamtaji kwetu! Marehemu baba alikuwa akiendesha boti ya kuwapeleka mafundi wa Kiitaliano kwenye majukwaa ya San Marco hapo Ngomeni, vile vyuma mwaviona baharini. Setilaiti ya kwanza duniani ya kutazama anga kwa eksirei ilirushwa pale, ikaitwa Uhuru.

#19 FundiMawimbi
Kweli kabisa, 1971. Mama yangu alisema vyombo vilitikisika kabatini.

#20 KijanaWaNgomeni
Fundi, 12 Desemba 1970. Sikukuu ya Uhuru, ndio maana ikapewa jina hilo. Hata hesabu: uhuru 1963, ilikuwa inatimiza miaka saba. Bosi wa chombo, Riccardo Giacconi, alikuja kupata Nobeli 2002. Baba hakupata hata fulana.

#21 FundiMawimbi
Haya, mwaka umenishinda. Vyombo vilitikisika.

#22 BintiFalaki
Ngomeni ina uhusiano na uzi huu kuliko mnavyodhani. Uhuru ndiyo iliyotuonyesha kuwa katikati ya makundi ya galaksi hakuko tupu, kumejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za galaksi zilizomo. Sasa mpwa wa Mkomani aulize tena: gesi ya joto kiasi hicho mbona haitoroki? Mtungi umefunguliwa mabilioni ya miaka.

Jibu la wengi: kuna maada ya giza isiyoonekana inayoishika. Mordehai Milgrom, 1983, akasema hapana, sheria yenyewe ya mwendo hubadilika pale mvutano unapokuwa dhaifu sana. Hesabu yake inakubali vizuri kwa galaksi moja moja. Kwa makundi hayo ya gesi ya moto inapwaya, bado anahitaji kitu cha ziada kisichoonekana. Kwa hiyo kila upande una deni.

#23 TasiWaKizingitini
Maada ya giza tunayo Lamu. Muulizeni mwenye mita.

#24 MuuzaMitungi
Mimi nauza gesi Langobaya Road. Mtungi ukivuja fungueni madirisha na msiguse swichi. Mengine yote hapo juu siyajui lakini nasoma.

#25 MwanafunziPwani
Naweka langu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu na nadhani watu wameruka sehemu ngumu zaidi. Nyota sawa. Sayari je? Kwenye ile sahani kuna vumbi. Vumbi hugandana likawa changarawe. Changarawe ikifika ukubwa wa mita moja, balaa. Gesi ya sahani inazunguka polepole kidogo kuliko jiwe, kwa hiyo jiwe siku zote liko kwenye upepo wa mbele, linapoteza mwendo, linateremka kuelekea jua. Jiwe la mita moja, mahali ilipo dunia yetu, lingemalizika kwa miaka kama 100 tu. Halafu mawe mawili yakigongana hayagandani, yanavunjana. Sayari ingejengwa lini?

Youdin na Goodman, 2005, wakatoa njia. Nitaieleza kwa Kilamu. Punda mmoja kabeba mawe ya matumbawe kichochoroni, amepunguza mwendo. Wa nyuma wamfikia, wanabanana. Sasa ni msururu, na kila anayekuja anaongeza msururu. Mawe yakiwa kundi yanakingana upepo, hayateremki haraka, mengine yanayotoka nje yanayakuta, kundi linanenepa mpaka uzito wake unaliangusha kwa pamoja, likawa kijisayari cha kilomita nyingi kwa mkupuo. Hatua ya mita moja imerukwa.

#26 PwezaMkavu
Kumbe dunia ni msongamano wa punda. Nimeridhika, fungeni uzi.

#27 FundiMawimbi
#25, umesema vumbi "hugandana". Linagandana kwa nini? Vumbi halina mvutano wa kutosha hata kidogo.

#28 MwanafunziPwani
...kwa nguvu za umeme kati ya chembe. Haya Fundi, hiyo pointi ni yako. Lakini ni umeme wa kichana chako, si mkondo unaowasha jua.

#29 MwalimuChaki
Naongezea mfano rahisi kwa kijana: akoroge chai yenye majani, aache. Majani hukusanyika katikati ya kikombe. Ndivyo jua lilivyopata katikati yake.

#30 DadaShela
Mwalimu leo chaki yako! Majani hukusanyika kwa sababu chai ya chini inakwaruzana na kikombe, inazunguka polepole kuliko ya juu, basi inatiririka kuelekea kati na kuyabeba. Einstein mwenyewe alieleza hilo 1926. Hakuna mvutano wa majani hapo, na wingu la angani halina kikombe.

#31 MwalimuChaki
Nakwenda kunywa hiyo chai.

#32 JiraniWaZuhura
Mleta uzi alitaja sayari kutemwa na sayari. Immanuel Velikovsky alisema hivyo 1950: Zuhura ilitoka Mushtari kama nyota ya mkia, ikapita karibu na dunia enzi za Nabii Musa, ndipo ikatulia. Mbona hamuijadili? Zuhura inajizungusha kinyumenyume, hilo nalo ni la kawaida?

#33 BintiFalaki
Kujizungusha kinyume ni kweli, na sababu yake bado wanavutana: wengine wasema mgongano, wengine hewa yake nzito iliisokota polepole. Lakini kutemwa na Mushtari hapana. Mushtari karibu yote ni haidrojeni na heliamu, Zuhura ni mwamba na chuma. Mbuzi hazai papa. Na juzi tu, miaka elfu tatu na kitu, kisha izunguke jua kwenye duara zuri kuliko sayari zote?

#34 JiraniWaZuhura
Nimeuliza tu.

#35 Mtafuta_Lulu
Fundi, narudi kwako #3. Kama jua lawashwa na umeme wa nje, nyutrino zatoka wapi? Chembe hizo huzalishwa na viini vya atomi vikiungana ndani kabisa ya jua. Ray Davis alizika mgodini Marekani tangi la takriban lita 380,000 za dawa ya madobi ili azinase.

#36 FundiMawimbi
Nilikusubiri hapo! Alipata theluthi tu ya alizotarajia. Kwa miaka thelathini! Watu wa umeme walikuwa na haki ya kucheka.

#37 Mtafuta_Lulu
Walicheka mpaka 2001. Maabara ya chini ya ardhi Kanada ikaonyesha nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, tangi la Davis lilikuwa linaona aina moja. Ukihesabu zote, jumla ni sawa na hesabu ya jua linalowaka ndani.

#38 FundiMawimbi
Sawa, jua sina tena. Ila lile tatizo la Dada Shela #6, jua kuzunguka polepole, suluhisho lake ni nini? Breki ya SUMAKU. Nyuzi za sumaku za jua changa zilishika gesi na upepo wa nje, mzunguko ukahamia huko. Na Alfvén alikuwa miongoni mwa walioisukuma hoja hiyo. Mlimfukuza mlangoni, amerudi kwa dirisha.

#39 DadaShela
Hilo sikatai. Ila Alfvén hakusema jua ni balbu. Hao wa video wamemkodi jina.

#40 KijanaWaNgomeni
Na ni nini kilichofanya lile wingu lianze kuanguka? Najua kuna wanaosema wingu halikuanguka lenyewe, lilisukumwa na nyota iliyolipuka jirani.

#41 MwanafunziPwani
Ndiyo. Kwenye kimondo cha Allende kilichoanguka Mexico 1969 kulikutwa alama za aluminiamu-26, ambayo nusu yake huisha kwa miaka laki saba hivi. Basi ilitengenezwa muda mfupi kabla ya sayari. Wengine wakasema: mlipuko ulileta aluminiamu na ukasukuma wingu. Wengine: hapana, ni upepo wa nyota kubwa mno iliyokuwa inapukutika, mlipuko ungeleta na aina ya chuma kwa wingi usioonekana.

Vimondo hata hapa vyaanguka. Thika, Julai 2011, mchana kweupe.

#42 TasiWaKizingitini
Thika kila kitu waangukiwa wao. Sisi huangukiwa na nazi.

#43 DadaShela
Kabla hatujalala: mwaka 1995 Mayor na Queloz waliipata sayari kubwa kama Mushtari ikizunguka nyota ya 51 Pegasi kwa siku nne tu, imegusana na moto. Kwa hesabu zote za zamani haikupaswa kuzaliwa pale. Sasa: ilizaliwa mbali ikahama? Au sahani ya gesi ilipasuka vipande vizito kwa ghafla bila kusubiri mawe, kama alivyotetea Alan Boss 1997? Darubini ya ALMA kule Chile ilipiga picha ya nyota changa HL Tauri 2014, sahani imejaa pete kama rekodi ya santuri, na nyota yenyewe haijatimiza hata miaka milioni mbili. Wa mawe wakasema wa kwetu, wa kupasuka wakasema wa kwetu.

Na galaksi ndio kabisa. Wa 1962 (Eggen, Lynden-Bell na Sandage) walisema galaksi yetu ilianguka kwa pamoja, wingu moja. Searle na Zinn, 1978, wakasema imeungwaungwa vipande vidogo. Sasa darubini ya James Webb imeona galaksi zilizokuwa ziking'aa ulimwengu haujafika hata miaka milioni 300, mapema na kubwa kuliko walivyotarajia. Kuna anayesema nyota za awali zilizaliwa kwa pupa, kuna anayesema mashimo meusi yanatudanganya kwa mwanga wa gesi ya moto inayoyaangukia.

#44 NahodhaMstaafu
Mjukuu kanisomea yote. Hiyo ya punda nimeifahamu. Hiyo ya nyota kulala bapa sijaifahamu, kesho anisomee tena. Bamvua yaja, nendeni mkafunge vyombo.

#45 MjaMkomani
Shukrani wote, nimechota. Mrejesho: leo tulipanda tena na darubini ya mkono ya jirani mvuvi. Nikamwonyesha kijana, chini ya zile nyota tatu zilizopangana, lile wingu wanalosema nyota zinazaliwa sasa hivi, umbali wa miaka ya nuru kama 1,350. Nikamweleza Jeans, baridi, punda, mpaka nikakauka koo. Akatazama muda mrefu akasema, "Mjomba, hicho ni kioo kina alama ya kidole."

#46 PwezaMkavu
Alifuta?

#47 MjaMkomani
Alifuta kwa kikoi. Bado liko.